ENC Haizimi Kelele Masikioni Mwako, na Wauzaji Wanalijua Hilo

"Mjomba, hizi zinazima kelele zote," aliniambia mpwa wangu wiki iliyopita akitoka Kariakoo, huku akifungua kikasha cheusi chenye eafoni mbili zisizo na waya. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na saluni ya jirani ilikuwa imewasha jenereta, kwa hiyo mazingira ya majaribio yalikuwa tayari. Alizivaa, akaweka muziki, akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka mimi niliyekuwa nimekaa upande wa pili wa sebule nikawa naweza kufuata mashairi neno kwa neno. Nikaomba boksi. Upande wa mbele kulikuwa na herufi tatu kubwa za rangi ya fedha, ENC, na nilipoligeuza huku na huku sikuona ANC mahali popote. Muuzaji, kwa maelezo ya kijana, alikuwa amemwambia: "Hii inazima kelele, mdogo wangu, ukivaa hata ukiitwa husikii."

Nimekasirika, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu huyu si wa kwanza na hatakuwa wa mwisho. ENC ni uchujaji wa kelele katika sauti inayotoka kwako. Maikrofoni za eafoni hujaribu kutenganisha sauti yako na makelele yaliyokuzunguka ili yule unayezungumza naye kwa simu, akiwa Mwanza au Mombasa, akusikie wewe na si honi ya bajaji iliyo nyuma yako. Masikioni mwako hakuna kinachozimwa. Jenereta litabaki jenereta, na faida yote ya herufi zile tatu ataipata mtu mwingine ambaye hata hakuchangia shilingi moja katika manunuzi. ANC ndiyo inayopunguza kelele sikioni mwa mvaaji mwenyewe. Tofauti ni herufi moja tu, na katika herufi hiyo moja watu wanapigwa changa la macho kila siku, mchana kweupe, kwa risiti.

Jambo linaloniudhi zaidi ni jinsi ujanja wenyewe ulivyo safi. Boksi halisemi uongo, kwa kuwa ENC imeandikwa na ENC imo. Uongo umo mdomoni mwa muuzaji, na maneno ya mdomoni hayabandikwi kwenye boksi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini nani atakwenda kushitaki kwa ajili ya eafoni za shilingi 25,000, tena akiwa na ushahidi wa "aliniambia"? Nimepita Mtaa wa Aggrey nikiuliza swali hili kwa makusudi, na jibu ninalolipenda kuliko yote, kwa ujasiri wake, ni hili: "Kaka, ENC na ANC ni kitu kimoja, zinatofautiana kampuni tu." Alilisema bila kupepesa macho, akamgeukia mteja mwingine.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ENC si takataka. Anayefanya biashara kwa simu akiwa barabarani, kama dalali au dereva wa bodaboda anayesubiri wateja kijiweni, anaihitaji kuliko anavyohitaji muziki, na kwake ni fedha iliyotumika vizuri. Basi auziwe kwa sifa hiyo. Aambiwe kwamba atasikika vizuri, asiambiwe kwamba atasikia vizuri.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nachemka hivi kwa ajili ya kifaa cha anasa. Nachemka kwa sababu ya kile nilichokiona sebuleni, yaani kidole cha kijana kikipandisha sauti ili kulishinda jenereta. Aliyedanganywa kwamba kelele zimezimwa hupigana nazo kwa njia pekee iliyobaki, nayo ni kuongeza muziki mpaka uwe mkubwa kuliko injini ya Coaster ya Gongo la Mboto, na hufanya hivyo asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani linatoa mwongozo kwamba sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Rudia hesabu hiyo polepole: saa nne kwa wiki nzima, muda ambao foleni za jiji hili zinaweza kuumaliza ndani ya siku mbili. Seli zenye vinyweleo zilizomo ndani kabisa ya sikio, ambazo ndizo zinazogeuza mtetemo kuwa sauti tunayoitambua, zikishakufa hazioti tena. Hakuna dawa ya matone wala upasuaji wa kuzirudisha, na mwenye kuzipoteza hajui siku anapozipoteza, kwa sababu haziumi. Atajua baadaye, atakapoanza kuwaomba watu warudie walichosema na kusikia mlio masikioni usiku wakati nyumba imelala.

Kwa hiyo thamani kubwa ya ANC ya kweli, kwa maoni yangu, wala si ukimya. Thamani yake ni kwamba inakuruhusu kusikiliza kwa sauti ya chini mahali ambapo usingeweza. Ukipanda daladala ukaiwasha, muungurumo wa injini ukapungua, utashangaa jinsi nusu ya sauti uliyozoea inavyotosha kumsikia msomaji wa habari vizuri kabisa. Anayeinunua halafu akaacha sauti palepale ilipokuwa ametupa fedha.

Hata hivyo, wapo walionunua ANC halisi, tena za mamia ya maelfu ya shilingi, nao pia wananung'unika: "Nimetoa laki tano na bado namsikia konda." Ndiyo, utamsikia konda. Teknolojia hii haikubuniwa kwa ajili ya konda. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo la kufuta sauti kwa sauti nchini Marekani mwaka 1936, na Amar Bose, aliyekuwa profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, aliliwazia kwa upande wa hedifoni mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege akitokea Zurich, akishindwa kufurahia muziki kwa sababu ya mvumo wa injini. Bidhaa yake ya kwanza ya namna hiyo, mwaka 1989, iliwalenga marubani. Tangu asili yake, basi, adui wake ni mvumo mzito usiobadilika, kama wa injini, feni, kiyoyozi, jenereta au treni ya SGR inapokata mbuga kuelekea Dodoma.

Sababu iko katika namna inavyofanya kazi. Maikrofoni ya nje husikia kelele, chipu hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana sikioni hufutana. Wimbi la sauti nzito ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu unaokaribia mita tatu na nusu, kwa hiyo chipu ikichelewa kidogo bado italipata likiwa karibu palepale. Sauti nyembamba ya hezi 3,000 ina wimbi lisilozidi sentimita 12, na kuchelewa kulekule kunatosha kulikosa kabisa. Kicheko cha abiria wa kiti cha nyuma, mtoto anayelia, sarafu zinazogongwa mlangoni na "shusha!" ya ghafla vyote vina sauti nyingi za upande huo, tena vinabadilika kabla chipu haijajipanga. Kampuni kubwa kama Sony, Bose na Apple zimepiga hatua, na ni kweli, ingawa naandika hili bila furaha, kwamba bei ya juu hapa mara nyingi hununua kitu halisi. Lakini hakuna iliyofuta sauti ya binadamu kabisa, na anayekuahidi hivyo anakutafuta.

Sasa, kelele hizo nyembamba zinazuiwa na nini? Zinazuiwa na mpira. Ni kile kipande laini cha silikoni kilicho kwenye ncha ya eafoni, ambacho wengi wetu hatukigusi tangu siku ya kwanza, huku vile vya ziada vikibaki ndani ya kifuko chao mpaka boksi litupwe. Ningekuwa na uwezo ningeamuru kila duka liandike ukutani kwamba mpira usiokaa vizuri unaua kila kitu, kwa sababu upenyo mdogo tu ukibaki, kelele hupita hapo, besi hutokea hapohapo kwenda nje, na ile chipu ya bei mbaya hubaki ikihangaika kufuta kilichoingia kwa mlango wa uani. Masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana, na anaweza kuhitaji mpira wa kati kulia na mdogo kushoto. Kipimo hakihitaji mtaalamu: vaa eafoni, usiweke muziki, zima kila kitu, kisha zungumza. Ukijisikia unavuma kichwani kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole, mpira umeziba vizuri. Ukijisikia kama kawaida, badilisha. Hapohapo, wale marafiki wanaogawana, mmoja sikio la kulia na mwingine la kushoto, wakiangalia mpira wa miguu kwenye simu moja, wajue kwamba wanagawana kila kitu isipokuwa ukimya, na pengine wanagawana na nta ya masikio.

Nta yenyewe ni mada, lakini nitasema tu kwamba upande mmoja ukianza kusikika kwa chini, usikimbilie kwa fundi wala usilaumu betri. Vua mpira, tazama kile kiwavu kidogo mwangani, na ukisugue taratibu kwa mswaki mkavu ulioelekezwa chini ili uchafu uanguke nje.

Ubora wa sauti? Mabishano kuhusu LDAC na AAC, yaani njia za kubana sauti inaposafirishwa kwa Bluetooth, nawaachia wenye muda, maana ndani ya daladala hakuna atakayeitambua tofauti, na simu ya iPhone haitumii LDAC hata ukiilazimisha. Betri za vitu hivi ni ndogo sana na kwa kawaida hazibadilishwi, kwa hiyo baada ya miaka michache zitachoka hata ungezitunza vipi, na ANC ikiwa imewashwa zinaisha chaji mapema zaidi. Alama ya IPX4 inahusu jasho na matone, haihusu kuogelea Coco Beach, na mara nyingi inazihusu eafoni peke yake bila kikasha chake. Dada zetu wanaovaa hijabu wazijaribu wakiwa wameivaa, kwa sababu kitambaa kikisugua maikrofoni huleta mkwaruzo ambao hakuna boksi linaloutaja, na vitufe vya kugusa hubonyezwa na kitambaa chenyewe.

Barabarani nina msimamo ambao wadogo zangu wanauita wa kizee. Dereva wa bodaboda aliyeziba masikio yote mawili ni hatari kwa abiria wake, na hata ANC yenyewe haimsaidii, kwa kuwa upepo ukizipiga zile maikrofoni hutoa mshindo wake mwingine. Kwa waenda kwa miguu, eafoni nyingi zenye ANC ya kweli zina pia hali ya kupitisha sauti za nje, na hiyo ndiyo inayofaa kuwashwa kabla ya kuvuka Barabara ya Morogoro na kurudi kuzimwa ukishakaa kwenye kiti. Basi la mwendokasi halina mazoea ya kumsubiri mtu amalize kibwagizo.

Turudi dukani, maana fedha hutoka hapo. Soma boksi mwenyewe na utafute herufi A, si maelezo ya muuzaji. Uliza inawashwa na kuzimwa vipi, kwa kuwa ANC huwa na namna ya kuiwasha na kuizima, iwe kwa kugusa eafoni yenyewe au kwa programu ya simu, na kama muuzaji anajibu kwamba "inajiwasha yenyewe", weka fedha mfukoni. Usihadaike na picha nzuri inayochomoza kwenye simu unapofungua kikasha wala kitufe kilichoandikwa maneno mazuri, kwa sababu bandia nyingi zimejifunza kuiga hayo yote. Zivae bila muziki, usogee karibu na feni au jenereta la duka, ambalo Kariakoo halikosekani, kisha uwashe na kuzima. Ya kweli utaisikia papo hapo, muungurumo ukishuka na kurudi, wakati mwingine na mkandamizo mdogo sikioni. Kama unalazimika kujiuliza iwapo kuna kilichobadilika, basi hakijabadilika.

Najua jibu la wauzaji: boksi likishafunguliwa, mteja wa pili atasema ni mtumba. Hoja hiyo ina uzito kidogo, nami naikubali kwa kidogo hichohicho. Basi waweke jozi moja ya kujaribia kwenye kaunta kwa kila aina wanayoiuza, pamoja na pamba na spiriti ya kuifutia, kama wauza manukato wa mtaa huohuo wanavyoweka chupa moja wazi ili kila anayepita anuse kabla hajalipa.