Hartenstein, Biyombo na dau ambalo klabu haikuruhusiwa kulitoa

Julai 2024 New York Knicks, klabu ya kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, walimwaga dola milioni 212.5 kumbakiza OG Anunoby kwa miaka 5. Anunoby alikuwa na miezi sita tu klabuni, tangu alipoletwa kutoka Toronto kwa mabadilishano mwishoni mwa Desemba 2023. Katika dirisha hilo hilo Isaiah Hartenstein, senta aliyeitumikia Knicks misimu miwili kamili na kuanza michezo 49 msimu ambao Mitchell Robinson aliumia kifundo cha mguu, alikwenda klabu ya Oklahoma City kwa dola milioni 87 za miaka 3. Mashabiki wengi wakaona jambo moja: wa kuja kalipwa, aliyetoa jasho kaachwa.

Hasira hiyo inaeleweka, lakini ilielekezwa pasipostahili. Knicks hawakuwa na njia ya kulifikia dau la Oklahoma City. Hata mmiliki angeweka fedha mezani siku ile ile, ofisi ya ligi isingeupokea mkataba huo.

Anayefuatilia NBA anajua kwamba klabu iliyokwisha kuvuka kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo ligi inairuhusu klabu kuwalipa wachezaji wake kwa msimu, bado inaweza kumbakiza mchezaji wake kwa haki za Bird, zilizopewa jina la Larry Bird wa Boston. Kinachosahaulika ni kwamba haki hizo zina ngazi tatu, na umbali kati ya ngazi moja na nyingine ni mamilioni. Mchezaji aliyefikisha misimu mitatu bila kuachwa na bila kuhama akiwa mchezaji huru (aliyemaliza mkataba) anampa mwajiri wake haki kamili: anaweza kulipwa hadi kiwango cha juu kabisa cha ligi, kwa miaka 5. Wa misimu miwili anaweza kupewa asilimia 175 ya mshahara wake uliopita au asilimia 105 ya wastani wa mishahara ya ligi, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, kwa mkataba wa miaka 2 hadi 4. Wa msimu mmoja kwa kawaida huishia asilimia 120 ya alichokuwa akipata.

Hesabu hiyo ya misimu humfuata mchezaji anapobadilishwa na klabu nyingine. Akihama mwenyewe akiwa mchezaji huru, inarudi sifuri. Anunoby aliingia ligi kupitia Toronto mwaka 2017 na hakuwahi kuhama akiwa huru, kwa hiyo alipotua New York alitua na haki zake zote, kana kwamba Knicks ndio waliomlea. Hartenstein alijiunga nao mwaka 2022 akiwa huru, kwa miaka 2 na dola milioni 16. Kwa kanuni hizi, miezi sita ya Anunoby ilikuwa na uzito kuliko miaka miwili ya Hartenstein.

Tarakimu zenyewe zinastahili kuangaliwa polepole. Mshahara wa Hartenstein wa msimu wa 2023-24 ulihesabiwa kuwa takriban dola milioni 9.2. Asilimia 175 yake ni kama milioni 16.2. Ukiongeza kila mwaka asilimia 8 ya mshahara wa mwaka wa kwanza, unapata milioni 16.2, 17.5, 18.8 na 20.1, jumla kama milioni 72.5 kwa miaka minne. Hapo ndipo Knicks walipofika ukingoni. Oklahoma City, iliyokuwa na nafasi chini ya kikomo, ilimpa milioni 30 mwaka wa kwanza na 28.5 mwaka wa pili, na mwaka wa tatu wa 28.5 ukabaki chini ya hiari ya klabu. Tuuache kabisa huo mwaka wa tatu, kwa kuwa haukuwa na uhakika. Miaka miwili ya Oklahoma City ni dola milioni 58.5. Miaka mitatu ya kwanza ya New York ni milioni 52.4. Kwa hiyo mtu angecheza msimu mmoja wa ziada Madison Square Garden na bado angekuwa nyuma kwa milioni 6. Hakuna wakala mwenye akili timamu angemshauri mteja wake akubali hilo, na hakuna meneja angeweza kuliziba pengo hilo kwa maneno mazuri.

Wanaoilaumu klabu wana hoja moja nzito: mkataba wa mwaka 2022 uliandikwa na nani? Ni Knicks wenyewe waliokubali miaka 2. Wangeandika 3, haki kamili zingetimia. Ni kweli, ila hesabu ya kurudi nyuma ina gharama zake. Ili asilimia 175 ifike milioni 30, mshahara wa msingi ungepaswa kuwa kama milioni 17.1, yaani karibu mara mbili ya alichokuwa akipata. Mwaka 2022 hakuna aliyekuwa akimwona Hartenstein kama senta wa bei hiyo. Tena mkataba mfupi ni silaha ya mchezaji. Anayeamini thamani yake itapanda hataki kufungwa miaka mitatu kwa bei ya leo, na wakala wake huitumia nukta hiyo kushusha au kupandisha dau. Kuongeza mkataba katikati ya safari nako hakukuwezekana, kwa sababu mkataba wa miaka miwili hauruhusiwi kurefushwa. Lazima uwe wa miaka mitatu au zaidi.

Kisa cha Bismack Biyombo kinaionyesha kanuni hii kwa ukali zaidi. Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi na mmoja wa wachache waliowahi kucheza NBA huku Kiswahili kikiwa kati ya lugha zao, aliachwa na Charlotte mwaka 2015. Toronto Raptors walikuwa wameshatumia nafasi yao chini ya kikomo. Walichobakiwa nacho ni kifungu kidogo cha dola milioni 2.8, yaani ruhusa maalumu ya kusajili hata bila nafasi hiyo, wakampa hicho kwa miaka 2, pamoja na kipengele cha kumruhusu ajitoe baada ya mwaka mmoja. Jonas Valanciunas akaumia kifundo cha mguu katika mechi za mtoano dhidi ya Miami, na Biyombo akachukua nafasi. Tarehe 21 Mei 2016, katika mchezo wa 3 wa fainali ya Kanda ya Mashariki, alizoa ribaundi 26 dhidi ya Cleveland, rekodi ya klabu. Akajitoa kwenye mkataba, kama ambavyo yeyote angefanya.

Kikomo cha mishahara nacho kilikuwa kimeruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94.1 kwa sababu ya fedha mpya za televisheni. Orlando Magic wakaja na milioni 17 kwa msimu, miaka 4. Toronto walikuwa na haki za msimu mmoja tu: asilimia 120 ya milioni 2.8, yaani takriban milioni 3.4. Ukiujaza mkataba huo hadi mwaka wa nne kwa nyongeza zote zilizoruhusiwa wakati ule, unapata kama milioni 14.4. Kila ambacho Toronto wangeweza kumlipa kwa haki hizo katika miaka minne hakikufikia alichopewa na Orlando kwa mwaka mmoja. Walikuwa pia na kifungu cha kati cha milioni 5.6, ambacho kingefika kama milioni 24 kwa miaka minne. Hata hicho ni theluthi tu ya dau la Orlando.

Je, wangeweza kutengeneza nafasi? Hapa ndipo mpangilio wa nani asaini kwanza unapohusika, na klabu nyingi hujikwaa hapo. Mchezaji huru mwenye haki kamili huendelea kukalia sehemu ya kikomo kwa kiasi cha makadirio hadi asaini au aachiliwe. DeMar DeRozan mwaka huo alikuwa akikalia kama milioni 15, ilhali mkataba wake mpya wa milioni 139 ulianzia milioni 26.5. Ujanja ni kumsainisha mgeni kwanza, na DeRozan mwisho. Philadelphia walifanya hivyo hivyo mwaka 2024: Tyrese Maxey alisubiri akikalia milioni 13 tu, Paul George akaingia kwa milioni 212, kisha Maxey akamwaga wino kwa milioni 204. Lakini Toronto ya 2016, hata baada ya ujanja huo, isingebakiwa na hata nusu ya milioni 17. Ingebidi kuutupa mshahara mkubwa kama wa DeMarre Carroll, na kutupa mshahara kuna bei. Mwaka uliofuata walipomwondoa Carroll kwenda Brooklyn, iliwabidi waambatanishe chaguo la raundi ya kwanza na la raundi ya pili, yaani zamu zao za kuchagua chipukizi wanaoingia ligi.

Kisha ikaja Februari 2017. Toronto wakamtoa Terrence Ross pamoja na chaguo la raundi ya kwanza, wakampata Serge Ibaka wa Brazzaville, kutoka Orlando hiyo hiyo. Ibaka alifika na haki kamili. Julai wakamsainisha miaka 3 kwa dola milioni 65, juu ya kikomo, bila kuhitaji nafasi yoyote, na mwaka 2019 alikuwamo kikosini walipotwaa ubingwa. Mtu wa miezi mitano alibakizwa kwa milioni 65. Yule wa msimu mzima na ribaundi 26 hakuweza kuzidishiwa zaidi ya makombo.

Sasa upande wa pili, ambao nao una haki yake. Angalia wachezaji hawa walikwenda wapi: Orlando na Oklahoma City. Bruce Brown, aliyebeba kombe na Denver mwaka 2023, alikwenda Indiana. Hakuna mji hata mmoja hapo wenye mvuto wa New York au Los Angeles. Kama klabu yenye mashabiki wengi na tajiri ingeweza kumfunga kila mchezaji aliyechanua kwake kwa msimu mmoja, nafasi chini ya kikomo ingekuwa karatasi tupu mikononi mwa miji midogo. Na haikuwa bure: mwaka 2025 Oklahoma City walichukua ubingwa, Hartenstein akiwa mmoja wao.

Kuna pia hofu ya makubaliano ya chini ya meza. Mwaka 2000 iligundulika kwamba Minnesota walimwahidi Joe Smith kwa siri kuwa akikubali mikataba mifupi ya bei ya chini mpaka haki kamili zitimie, angelipwa kitita. Mkataba ulifutwa, klabu ikatozwa dola milioni 3.5 na kunyang'anywa chaguo tano za raundi ya kwanza, ingawa baadaye baadhi zilirudishwa. Ukiondoa vizuizi vya msimu wa kwanza na wa pili, unaualika mchezo huo urudi.

Hata kwa Biyombo, mtu anaweza kusema kanuni iliwaokoa Toronto. Hakuwahi kuufikia tena ule moto wa Mei 2016, na Orlando walimtoa mwaka 2018. Hilo nalikubali. Lakini hilo ni swali la thamani ya mchezaji, nalo lingekuwa uamuzi wa Toronto kama wangeachiwa kuamua. Na kizuizi hakimfukuzi kila mtu: Malik Monk, aliyekuwa na misimu miwili Sacramento, mwaka 2024 alikubali dau la juu kabisa la haki zake, dola milioni 78 kwa miaka 4.

Ndiyo maana Denver ni mfano mzuri wa kujifunzia kulaumu kwa haki. Mwaka 2023 walimpoteza Brown, aliyekuwa akilipwa kama milioni 6.5. Asilimia 120 iliwafikisha milioni 7.8, Indiana wakaweka milioni 22 kwa mwaka wa kwanza. Hawakuweza. Mwaka 2024 wakampoteza Kentavious Caldwell-Pope kwenda Orlando kwa milioni 66 za miaka 3. Huyu walikuwa na haki zake kamili, kwa kuwa aliletwa kwa mabadilishano na kisha akarefushiwa mkataba. Wangeweza kulifikia dau lile, wakaliacha kwa sababu ya kodi ya anasa, inayotozwa klabu yenye mishahara mikubwa mno, na ngazi ya pili ya matumizi, kizingiti cha juu zaidi chenye vikwazo vya usajili, iliyoanzishwa na mkataba wa 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji. Kwenye jukwaa misiba hiyo miwili ilililiwa kwa kilio kimoja, ilhali wa pili pekee ndio unaostahili kupelekwa mlangoni kwa mmiliki. Brown alirudi Denver mwaka 2025 kwa mshahara wa kima cha chini, jambo linaloonyesha kwamba kilichomtoa hapo hakikuwa ugomvi.

Mkataba huo wa 2023 ulipandisha kiwango cha kurefusha mikataba kutoka asilimia 120 hadi 140 ya mshahara uliopita. Kwa asilimia hiyo Jalen Brunson alirefusha mkataba wake na Knicks mwaka 2024 kwa dola milioni 156.5. Ligi na chama cha wachezaji waliona kwamba 120 ilikuwa inawatenganisha watu waliotaka kubaki pamoja. Lakini 120 ya mchezaji wa msimu mmoja na 175 ya wa misimu miwili ziliachwa palepale. Kwa maoni yangu hapo walikosea. Si lazima kufungua mlango wote. Ingetosha kumpandishia kiwango yule aliyesajiliwa kwa vifungu vidogo, kama milioni 2.8 za Biyombo, ambaye asilimia yoyote ya mshahara wake huzaa kidogo. Mkataba wa sasa unaendelea hadi msimu wa 2029-30, na pande zote zinaweza kujitoa msimu mmoja kabla. Hadi wakati huo, klabu inayomwokota mchezaji kwa bei ya chini na kumpa dakika inajua tangu siku ya kwanza kwamba akichanua, itakuwa imeifanyia kazi klabu nyingine.