Mafunzo ya Viwandani: Mashine Inanufaika, au Asilimia Tu?

Mwaka 1971 kampuni ya Nippondenso ya Japani, iliyokuwa ikiitengenezea Toyota vifaa vya umeme vya magari, ilitunukiwa tuzo kwa utaratibu wake wa kumkabidhi mwendesha mashine sehemu ya matunzo ya mashine yake: kuisafisha, kuitia grisi, kukaza nati zilizolegea na kutoa taarifa mapema asikiapo mlio asiouzoea. Mitambo inayojiendesha ilikuwa imewaelemea mafundi, ndipo kazi ndogondogo zikapewa wale wanaoshinda na mashine kutwa nzima. Seiichi Nakajima, aliyeueneza utaratibu huo, aliuambatanisha na kipimo: asilimia ya muda ambao mashine ilifanya kazi, izidishwe kwa asilimia ya kasi yake, kisha kwa asilimia ya bidhaa zisizo na kasoro. Leo kipimo hicho ndicho hoja kuu ya wanaouza mafunzo ya utaratibu huo kwa wenye viwanda.

Wanaoyatetea mafunzo hayo hawasemi bure. Tuchukue mfano wa mtambo wa kujaza chupa wenye zamu ya dakika 450. Ukisimama dakika 90, muda uliotumika ni asilimia 80. Kama una uwezo wa chupa 100 kwa dakika lakini umetoa 28,800 badala ya 36,000, kasi nayo ni asilimia 80. Na zikitupwa chupa 2 katika kila 100, ufanisi wote unashuka hadi karibu asilimia 63. Dakika 90 zile kila mtu aliziona, kwa kuwa fundi aliitwa na msimamizi akaja kufoka. Chupa 7,200 zilipotea kimya kimya, sekunde chache kwa wakati, kila chupa ilipoanguka kwenye mkanda au kihisi kilipofunikwa na vumbi, na anayeijua sababu ni yule aliyesimama hapo tu. Hasara ya namna hii haiponywi na fundi wa kuitwa kwa simu.

Wanaopinga nao wana yao. Hoja kwamba mfanyakazi aliyefundishwa atahamia kwa jirani naiona nyepesi, kwani asiyefundishwa naye huhama. Nzito zaidi ni ile ya wafanyakazi wenyewe: wameongezewa kazi ya fundi, mshahara ukabaki ule ule, na wakati mwingine wanaingiza mkono kwenye mashine ambayo umeme wake haujakatwa na swichi yake haijafungwa kwa kufuli. Mafunzo yanayoanza na grisi kabla ya kufuli ni hatari, hata yakiongeza asilimia.

Na asilimia zenyewe hudanganya. Kiwanda chenye muda wa asilimia 90, kasi 95 na ubora 99 hupata 84.6, karibu kabisa na ile 85 inayotajwa kuwa kiwango cha viwanda bora duniani. Kikipandisha muda hadi 95, huku ubora ukishuka hadi 94, kitapata 84.8. Ripoti itaonyesha maendeleo, ilhali bidhaa mbovu zimeongezeka mara sita. Timu inayolipwa bonasi kwa namba hiyo moja haitachelewa kugundua njia hii, wala ile ya kukiita kila kisimamo "kilichopangwa" ili kisihesabiwe.

Kwa maoni yangu, mafunzo yanafaa pale tu hasara nyingi ziko karibu na mikono ya mwendeshaji. Kwa hiyo, kabla ya kuitisha darasa, ningeomba karatasi ya visimamo vya mwezi mzima, iliyoandikwa na wenye zamu bila woga wa kukatwa mshahara. Ikionyesha chupa zinazoanguka na vihisi vyenye vumbi, mkufunzi aje. Ikionyesha umeme uliokatika na beringi iliyoagizwa tangu mwezi uliopita, basi anayehitaji kuketi darasani ni meneja ununuzi.