Kangomba kwenye BFD

"Nakili faili la MIPS, badilisha majina, jenga. Kazi ya siku mbili hiyo."

Jibu hilo alipewa kijana mmoja wiki hii kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa hapa Mtwara. Swali lake lilikuwa zuri: yeye na wenzake wamebuni kichakataji cha biti 32, kinakimbia kwenye bodi ya FPGA (chipu unayoipanga upya upendavyo), na sasa wanataka Binutils, ule mkoba wa zana za GNU wenye asembla, linka inayounganisha mafaili, na objdump ya kuyachungulia, itambue mafaili yake ya obijekti. MIPS aliyoelekezwa ni familia ya vichakataji vya zamani. Dole gumba zikamiminika chini ya jibu. Hata mtu mmoja hakumuuliza amri zake za kuruka zinahesabu umbali kuanzia wapi.

Na hawa ni watu wa kusini! Mnunuzi akitokea Tandahimba na chombo chake badala ya mizani, wao ndio wa kwanza kupiga kelele za kangomba, ule ununuzi wa korosho usiopitia mizani. Ila kwenye elf32-*.c, mafaili yanayoeleza kila kichakataji ndani ya BFD (maktaba ya Binutils inayosoma na kuandika mafaili ya obijekti), kupima kwa chombo cha jirani umekuwa ujanja wa mjini.

Nitasema jambo moja tu kwa kirefu. Kuongeza kichakataji kwenye BFD ni kuandika jedwali la HOWTO, linaloeleza jinsi ya kujaza kila nafasi iliyoachwa wazi, safu kwa safu, mwongozo wa kichakataji ukiwa wazi mezani. Mengine yote ni ukarani.

Ukarani tuumalize haraka. Hapo nakubali, kwa shingo upande, kwamba kunakili ni halali na kila mtu ananakili. Ila nakili kitu kidogo: elf32-moxie.c unaisoma yote kwa kikombe kimoja cha chai, wakati elfxx-mips.c ina mistari zaidi ya 10,000, na sehemu kubwa ni historia ya MIPS ambayo haikuhusu. Tuseme kichakataji chenu kinaitwa koro. Namba ya EM_KORO inakaa include/elf/common.h, na kama hamjapewa namba rasmi, faili lenyewe linakuambia uchague namba kubwa ya kubahatisha, mfano wake ni 0x8523. Msijipe 244 kwa sababu RISC-V ni 243 na "inayofuata iko wazi". Rilokesheni, yaani aina za nafasi zilizoachwa wazi ili linka ijaze anwani, mnaziorodhesha include/elf/koro.h kati ya START_RELOC_NUMBERS na END_RELOC_NUMBERS. Usanifu unatajwa bfd/archures.c na kuelezwa bfd/cpu-koro.c. Vekta koro_elf32_vec, maelezo ya umbo la faili lenu, inatajwa targets.c, config.bfd, configure.ac na Makefile.am. Mkiisahau configure.ac, mtakutana na "unknown target vector". Mkisahau config.sub, hata configure haitaanza. Na kuna mtego unaowanasa wengi: opcodes/configure.ac nayo inataka mstari wa bfd_koro_arch hata kama disasembla hamjaiandika, la sivyo mnaambiwa usanifu haujulikani na mnabaki kukodolea macho bfd/ ambayo haina kosa.

Autoconf iwe 2.69 kamili na automake 1.15.1. Si "ya karibu na hiyo". Wala msihariri bfd-in2.h na libbfd.h kwa mkono, maana zinazalishwa kutoka kwenye maoni yaliyomo ndani ya reloc.c na archures.c. Ongezeni BFD_RELOC_KORO_* kwenye reloc.c, kisha make headers. Na kwa bando zetu hizi, git clone --depth 1 inatosha. Historia ya miaka yote mnaivuta ya nini?

Ukarani umeisha. Sasa mizani.

Faili la obijekti ni kama stakabadhi ghalani: mzigo upo, umepimwa, ila bei imeachwa wazi hadi mnada. Linka ndiyo mnada. HOWTO ndiyo inayoieleza linka ijaze wapi, kwa upana gani, na ikatae lini. Angalia safu moja ya amri ya kuruka, biti 16, umbali ukihesabiwa kwa maneno ya baiti 4:

HOWTO (R_KORO_PC16, 2, 4, 16, true, 0, complain_overflow_signed, bfd_elf_generic_reloc, "R_KORO_PC16", false, 0, 0x0000ffff, true)

Vitu kumi na tatu, na karibu kila kimoja kina namna yake ya kukuumiza bila kelele.

Anza na ile 4, yaani ukubwa wa eneo linalosomwa na kuandikwa. Leo ni idadi ya baiti. Kabla ya 2022 ilikuwa msimbo: 0 ni baiti moja, 1 ni mbili, 2 ni nne. Sasa nakili safu kutoka kwenye pachi ya zamani uliyoiokota mtandaoni, yenye 2. Zamani ilimaanisha baiti nne, leo inamaanisha mbili. Kompaila haitasema neno. Kama kichakataji kinaanza na baiti ndogo (little-endian) na namba iko kwenye biti 16 za chini, kila kitu kitafanya kazi! Mtashangilia. Siku mkijenga toleo linaloanza na baiti kubwa, baiti mbili za kwanza za amri ndizo zenye opkodi (biti zinazotaja aina ya amri), na linka itaandika umbali juu ya opkodi. Amri ya kuruka inageuka amri nyingine kabisa, halafu watu wanalaumu FPGA. Pachi hiyo ya zamani mtaijua kwa bfd_boolean. Ilifutwa 2021 ikawekwa bool, kwa hiyo angalau hapo kompaila inapiga yowe.

Halafu ile 0 ya pili, src_mask, maski ya biti zinazosomwa kutoka ndani ya amri. Hapa ndipo ushauri wa "nakili MIPS" unapovuliwa nguo. MIPS ya zamani ya biti 32 inatumia REL: nyongeza, ile namba inayojumlishwa kwenye anwani ya alama (jina la mahali kwenye programu), imefichwa ndani ya amri yenyewe, kwa hiyo safu zake zina src_mask iliyojaa na partial_inplace ni kweli. Ninyi, kama mna akili, mtatumia RELA, ambamo nyongeza ina nafasi yake kwenye rekodi, baiti 12 badala ya 8. Ukiacha src_mask ya 0xffff kwenye RELA, linka inachukua kilichomo ndani ya amri, inakijumlisha na nyongeza ya kwenye rekodi. Asembla yenu ikiacha sifuri pale, kosa linalala. Siku mtu akigusa md_apply_fix, sehemu ya asembla inayojaza thamani, thamani ikaandikwa na pale pia, nyongeza inahesabiwa mara mbili. Alama + 8 inakuwa alama + 16. Jaribio la alama + 0 linapita daima, na bila shaka hilo ndilo jaribio pekee mlilonalo.

Kuhusu umbali wenyewe, MIPS inahesabu kuanzia amri inayofuata, kwa sababu ya ile nafasi ya kuchelewa, yaani amri inayofuata kuruka hutekelezwa kwanza. Chenu kinahesabu kuanzia wapi? Kama ni amri yenyewe, nyongeza ni 0. Kama ni inayofuata, lazima asembla iweke -4, na md_pcrel_from, inayoiambia asembla umbali unaanzia wapi, ikubaliane na hesabu hiyo, kwa sababu kuruka ndani ya seksheni moja mara nyingi gas (asembla ya GNU) hukumaliza yenyewe bila linka. Zikipishana, kuruka karibu kunafika na kuruka kwenda faili lingine kunakosea kwa amri moja. Ni kosa la ajabu sana kulitafuta usiku, na ni la kijinga sana ukishalipata.

Kufurika: complain_overflow_signed hupima baada ya kusogeza, kwa hiyo biti 16 zikisogezwa mara mbili zinafika kuanzia -131072 hadi 131068. Ukiweka complain_overflow_bitfield kwa sababu jirani kaiweka, namba kati ya 131072 na 262140 zitapita kimyakimya na programu itaruka nyuma badala ya mbele. Ukiweka complain_overflow_dont, basi umeondoa mizani dukani kabisa. Na jambo ambalo watu hawaliamini hadi walione: zile biti mbili za chini zinazosogezwa, BFD haikagui kama ni sifuri. Lengo likiwa 0x1002 inalikata kuwa 0x1000 na inaendelea na safari. Ukaguzi huo ni wenu, ndani ya relocate_section, msimbo wenu unaojaza rilokesheni wakati wa kuunganisha.

Kuna amri ambazo maski haiwezi kuzieleza. Kama biti za namba zimetawanywa kama kwenye RISC-V, HOWTO peke yake haitoshi, utaandika tawi lake kwa mkono. Kama amri ya biti 32 inahifadhiwa kama vipande viwili vya 16, kila kimoja baiti ndogo kwanza, bfd_get_32 itakupa vipande vilivyogeuzwa. Na jozi ya HI na LO, nusu ya juu na nusu ya chini ya anwani: chukua 0x12348765. Juu ni 0x1234, chini 0x8765, lakini amri ya kujumlisha inaichukulia ile ya chini kuwa hasi, na matokeo ni 0x12338765, pungufu kwa 65536 kamili. Dawa ni kujumlisha 0x8000 kabla ya kuchukua nusu ya juu. Kama amri yenu ya chini haibebi alama ya hasi (OR, kwa mfano), dawa hiyohiyo inageuka sumu, matokeo yanazidi kwa 65536. Mwongozo wa nani utakuambia ni ipi? Wa MIPS?

Atatokea mtu aseme: "Lakini relocate_section yangu inafanya hesabu zote yenyewe, HOWTO ni pambo tu." Sawa, kwa ld, linka yenyewe, anaweza kuwa na hoja kidogo. Ila objdump inaposoma taarifa za DWARF (namba za mistari na majina kwa ajili ya dibaga) ndani ya .o, na dibaga ikifanya hivyo, hazipiti relocate_section yako. Zinapita njia ya jumla, bfd_simple_get_relocated_section_contents, na njia hiyo inaliamini jedwali. Ndiyo maana utaona programu inakimbia vizuri huku namba za mistari kwenye dibaga zikiwa upuuzi mtupu. Jedwali likiwa na kosa, njia moja inakuficha na nyingine inakuumbua.

Jina lenyewe la BFD lina funzo kwa watu wa siku mbili. David Wallace alikuwa akizungumza na Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU, kuhusu maktaba hii. Stallman akasema itakuwa kazi ngumu, Wallace akamjibu kwa herufi hizo tatu, ambazo kwa Kiingereza cha mtaani ni dharau ya "kwani nini bwana", na ndani yake mna tusi. Nyaraka za maktaba zenyewe zinakiri kwamba Stallman ndiye aliyekuwa sahihi. Jina likabaki.

Mengine kwa kifupi. elf_info_to_howto lazima ikague namba ya rilokesheni kabla ya kuingia kwenye jedwali: ELF (umbo la mafaili ya obijekti) ya biti 32 inaruhusu 256, tuseme ninyi mna 9, na faili bovu lenye 200 litaangusha objdump msipokataa kwa bfd_error_bad_value. Mapengo kwenye namba yajazwe na EMPTY_HOWTO, la sivyo kila kinachofuata kinasogea nafasi moja. Wekeni elf_backend_rela_normal kuwa 1, na kwenye ld -r, ambapo linka inatoa tena faili la obijekti, relocate_section isiguse kitu. Maktaba za kushirikiwa na majedwali yake, PLT na GOT: si leo. Kulegeza amri wakati wa kuunganisha: si mwaka huu.

Majaribio, sasa. Kwa kila safu nataka angalau namba tano, na nataka angalau mbili kati ya hizo zikataliwe. Kwa R_KORO_PC16, amri ikiwa ya kwanza kwenye .text na umbali ukihesabiwa kutoka kwayo: ld -Ttext=0x1000 --defsym mbali=0x20ffc ipite, 0x21000 igome kwa "relocation truncated to fit". Upande wa nyuma, hamisheni .text hadi 0x100000: 0xe0000 ipite, 0xdfffc igome. Ya tano ni 0x1002 kwa .text ya 0x1000, na hiyo igomewe na msimbo wenu. Rudieni zote kwa nyongeza isiyo sifuri. Kisha soma faili lilelile kwa objdump -dr na kwa readelf -r. Readelf haisomi ELF kupitia BFD, kwa hiyo ni shahidi wa pembeni. Ikiandika "unrecognized", hamjaongeza EM_KORO kwenye binutils/readelf.c. Guess_is_rela, inayokisia kama kichakataji kinatumia RELA, iko kwenye faili hilohilo, nayo inataka mstari wake.

Mwisho jengeni mara moja kwa --enable-targets=all, kwa sababu mmegusa targets.c, ambayo ni ya watu wote.

Kwa yule kijana: usianze na kuruka. Anza na R_KORO_32, neno zima la data, hakuna kusogeza, hakuna PC, maski 0xffffffff, complain_overflow_bitfield. Ikipita kwa nyongeza 0 na nyongeza 8, fungua mwongozo wenu kwenye ukurasa wa amri za kuruka. Na kama ukurasa huo hamjauandika bado, funga kompyuta mkauandike kwanza.