Njoo na Mzazi

Barua nimeikuta alfajiri hii ndani ya daftari la hisabati la bwana mdogo, imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta ya kitumbua. "Mzazi/mlezi ufike shuleni leo saa 1:30 asubuhi bila kukosa." Bila kukosa! Nikamuuliza kosa ni nini. Akasema, "Kengele." Kengele imefanyaje? Akaangalia dari.

Mimi ni mtu wa bajaji. Saa 1:30 asubuhi ndiyo saa yangu ya kula, baada ya hapo ni kugombana na jua tu. Na tajiri wa bajaji jioni hasomi barua ya shule, anasoma hesabu yake. Nikasema nibebe vichwa viwili vitatu kwanza, kisha nipite shuleni. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Getini nimefika saa 2 kasoro. Amesimama kiranja wa darasa la sita, tai imeshuka mpaka karibu na magoti, daftari kwapani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Umechelewa."

Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni mzazi, nimeitwa. Akatazama mkono wake ambao hauna saa. "Wachelewaji upande ule, mzee. Kila mtu takataka kumi." Nikatafuta mtu mzima wa kumkatia rufaa. Aliyekuwepo ni mlinzi, naye alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika.

Basi nikainama, mtu mzima na ndevu zangu. Uwanja wenyewe ulishafagiliwa tangu asubuhi na mapema, cha kuokota labda kivuli chako. Nikapata kifuko cha ubuyu, kizibo cha soda, njiti, peni iliyokauka. Nilipofika saba nikakwama. Katoto ka darasa la pili kakanisogelea, kakaninong'oneza, "Babu, chukua hizi mbili, mimi nimezidisha." Babu! Nina miaka 39. Nikachukua. Kiranja akahesabu kiganjani mwangu kimojakimoja, akasema peni si takataka, ni mali ya mtu, irudishwe ilipokuwa. Nikarudi uwanjani kutafuta mbili, wakati bajaji iko nje inakula jua.

Ofisini mwalimu wa nidhamu akanikaribisha kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yakaja usawa wa masikio. Bwana mdogo amesimama kona, mikono nyuma, kama hatujuani.

Kesi yenyewe ni hii. Kengele ya shule ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, inagongwa kwa kipande cha nondo. Juzi huyu wangu kaomba ruhusa ya kwenda msalani, kapita chini ya mwembe, kaiona nondo imelala peke yake, akagonga mapumziko. Dakika 40 kabla ya wakati. Shule nzima ikamwagika nje. Mama wa mihogo akawasha jiko mbio mbio, mafuta hayajachemka foleni imeshafika barabarani.

"Na walimu?" nikauliza kwa heshima zote.

Mwalimu akakohoa. Walimu walikwenda kunywa chai. "Tukakuta haijaiva," akasema kwa uchungu, na hivyo ndivyo uhalifu ulivyogundulika.

Akanionyesha sheria za shule ukutani, 22, akazipitia kwa rula moja baada ya nyingine. Nywele, kucha, soksi, kidumu cha maji, fagio la Ijumaa. Ni marufuku kupanda mwembe, kurushia mwembe mawe, kula maembe ya mwembe. Kugonga kilichoning'inia kwenye mwembe, hakuna. Rula ikafika chini ya karatasi, ikaendelea kidogo kwenye chokaa ya ukuta. Mwishowe akaandika "utovu wa nidhamu mwinginewo", nikamwona bwana mdogo anatabasamu kona kule kama wakili.

Nikauliza, si kwamba nilitaka achapwe, mbona fimbo haitajwi? Mwalimu akapumua. Akasema kanuni za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu atoe idhini, halafu kitabuni iandikwe jina, kosa, viboko vingapi na aliyechapa. Na mwalimu mkuu yuko semina. "Maandishi yote hayo, mzee. Bora nikuite wewe."

Nikatupa macho safu ya kulia, ile ya adhabu. Kucha ndefu: mzazi aitwe. Kuchelewa namba: mzazi aitwe. Kusahau fagio: mzazi aitwe. Jamani! Anayekosa ana miaka kumi, anayetumikia kifungo ni mimi. Ada shule za msingi za serikali ilifutwa zamani, nashukuru, lakini muhula huu nimeitwa mara tatu, na hizo asubuhi tatu hakuna aliyenirudishia. Shemeji yangu wa Mombasa anatucheka sana, kwao Kenya fimbo ilipigwa marufuku tangu 2001. Nikamuuliza siku moja, sasa mtoto akikosa mnafanyaje? Akasema, "Twamwita mzazi."

Nilikuwa ndiyo naanza kupandisha sauti, kengele ikalia. Mwalimu akaangalia saa yake. Akamwangalia bwana mdogo. Bwana mdogo akainua mikono yote miwili, "Si mimi!" Mwalimu akafikiri kidogo, akachukua kikombe chake. "Tutaendelea kesho, mzee. Saa 1:30."

Nikatoka kwa kupitia mwembeni. Na niwaambie kitu kuhusu ile ringi: ni nzima kabisa. Haina ufa, haijapinda, matundu ya nati bado ya duara. Sisi tunazunguka gereji na gereji tunauziwa ringi zilizochomelewa mara tatu, ringi kama hii inapigwa nondo mara nane kwa siku. Nikamuuliza mlinzi, hii hamwezi kuitoa kwa bei ya kuelewana? Akasema ni mali ya serikali. Nikamwambia nauliza tu.

"Na tairi la nyuma la bajaji yako," akasema, "umeliona?"

Sikuwa nimeliona.