Usonji na saa 4 za mahojiano kituoni

Polisi wa Tanga wakiambiwa wasimhoji mtu mwenye usonji kama wanavyowahoji wengine, wana hoja. Mlalamikaji aliyeibiwa simu Mgandini anataka simu yake, na askari wa zamu hawezi kuujua usonji (autism), hali inayobadili namna mtu anavyowasiliana na wenzake, kwa kumtazama mtu. Akimlegezea mmoja, kesho kila mtuhumiwa ataletewa ndugu wa kuapa kwamba mwenzao hayuko sawa.

Ila tazama saa 4 ambazo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa askari za kumhoji mtu kabla ya kuongezewa muda. Kijana wa Ngamiani mwenye usonji huenda asimwangalie machoni anayemuuliza, akaonekana jeuri au mwenye kuficha jambo. Akifokewa, anaziba masikio. Wengine hurudisha swali lilivyokuja: “Uliingia dukani?” Naye anajibu, “Uliingia dukani.” Na wapo wanaokubali kila kitu ili kelele ziishe. Hayo yakishaandikwa kwenye maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa polisi, na kuwekwa dole gumba, mama akifika jioni anaambiwa mwanawe amekiri. Sheria hiyohiyo inamruhusu mtuhumiwa kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, lakini mpaka aombe. Asiyejua kwamba kuna cha kuomba ataombewa na nani?

Angekuwa na miaka 17, Sheria ya Mtoto ya 2009 ingemweka mzazi na afisa ustawi wa jamii karibu naye mahakamani. Akitimiza 18 kinga hiyo inakwisha, ilhali kijana ni yuleyule.

Mlango uliobaki ni wa wendawazimu. Hakimu akitilia shaka akili ya mshtakiwa, anaweza kumpeleka hospitali ya akili, na daktari ana siku 42 za kutoa ripoti. Watu wa Tanga wakisikia hivyo wanawaza hospitali ya Mirembe, Dodoma. Usonji si wendawazimu, na hauondoki kwa kulazwa. Wazazi wanaoificha hali ya mtoto wao kwa kuogopa safari hiyo siwalaumu hata kidogo.

Hakuna anayedai kijana asishtakiwe. Kinachotakiwa ni mtu anayemfahamu aitwe kabla ya swali la kwanza, hata asipoombwa. Mahakimu wanaosomea chuo cha mahakama cha Lushoto, mkoani humuhumu, wafundishwe kuyatilia shaka maelezo yaliyochukuliwa bila mtu huyo. Wazazi nao wasisubiri: barua ya daktari wa hospitali ya Bombo ifike mapema kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi kata, na namba ya msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na sheria ya 2017, iwe kwenye simu ya kila aliyemo nyumbani.