Sari ya kila siku na hii habari ya kuvaa taratibu

Wiki saba nilizokaa Chennai, kusini mwa India, nikimuuguza mama yangu, kila asubuhi nilikuwa namuona mama mwenye nyumba tuliyopanga chumba akivaa sari kwenye kikorido kati ya jiko na chumba chake. Hana kioo, pini anayo moja tu, mkono mmoja umeshika kitambaa mwingine unakunja marinda, moja mbili tatu mpaka saba, anayachomeka kiunoni kwenye gagulo, ncha iliyobaki anaitupa bega la kushoto, dakika mbili kamaliza na keshashika ndoo. Tulimwita Amma kama majirani walivyomwita. Sari zake za kazi nilizihesabu kwenye kamba ya kuanikia, hazikuzidi nane, na ile ya kijani yenye pindo jekundu aliniambia kaivaa tangu binti yake yuko darasa la nne, na huyo binti saivi kamaliza chuo yuko kazini. Sari yenyewe ni poliesta, ya rupia chache tu, wala haikufumwa na mkono wa mtu.

Namtanguliza Amma kwa sababu siku hizi nikifungua simu nakutana na sari imegeuzwa mfano wa slow fashion, kuvaa taratibu, yaani ule mtindo wa kununua nguo chache, nzuri, unajua nani kaitengeneza, unaivaa miaka. Wengi walianza kuliwaza jambo hili kwa uzito baada ya tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh na mafundi wa nguo zaidi ya 1,100 wakafa humo wakishona oda za maduka ya Ulaya na Marekani. Sasa upande mmoja unasema dawa iko kabatini kwa bibi, vaa sari ya kufumwa kwa mkono kila siku, kazini, sokoni, kwenye basi. Upande mwingine, na humo wamo wanawake wengi wa India wenyewe, unasema tuacheni jamani, hiyo nguo mnayoisifia sisi tumekuwa tukilazimishwa kuivaa. Mi naona kila upande umeshika kitu cha kweli ila wote wanamruka mtu mmoja, na huyo mtu nitamfikia.

Kwanza kilicho kweli upande wa wanaosifia. Sari ni kipande kimoja, mita tano na nusu hivi, ile ya kizamani ya Maharashtra inapita mita nane. Haikatwi, kwa hiyo hakuna mabaki ya kitambaa yanayotupwa chini ya meza ya fundi, haina saizi, ukinenepa inakutosha ukikonda inakutosha, ukiwa na mimba inakutosha, ukifa anaichukua binti au mkwe na kinachobadilishwa ni blauzi tu. Sisi hili hatuhitaji kuelezwa sana maana kanga nayo ni hivyo hivyo, ina pindo ina mji, unaanza nayo ikiwa mpya ya kutokea, inakuwa ya ndani, inambeba mtoto, inachanika inakuwa nepi, mwisho inapiga deki. Kule mkoa wa Bengal, sari zikichakaa wanazipanga tabaka tabaka wanazishona kwa mkono zinakuwa mablanketi mepesi wanayaita kantha. Na udugu huu sio wa kufananisha tu, kanga nyingi tunazovaa huku zimechapwa Jetpur, mji wa Gujarat ambao kazi yake nyingine kubwa ni kuchapa sari za pamba. Mto wa pale, Bhadar, umenyweshwa maji ya rangi miaka mingi, kwa hiyo tusijidanganye kwamba kitambaa kisichokatwa basi hakina dhambi.

Alafu kuna historia. Tarehe 7 Agosti 1905 pale Kolkata ilitangazwa harakati ya Swadeshi, watu wagome vitambaa vya viwanda vya Mwingereza wavae cha nyumbani, na ndo maana India tangu 2015 inaadhimisha siku hiyo hiyo kama siku ya kitaifa ya ufumaji wa mkono. Sensa yao ya wafumaji ya 2019-20 ilikuta watu kama milioni 3.5 kwenye kazi hii pamoja na wasaidizi, zaidi ya 70 katika kila 100 ni wanawake. Ukimwambia mtu anunue sari ya mkono unamwambia aweke chakula kwenye sahani za hao, hoja inashika hiyo.

Inashika, mpaka uende ukaone.

Siku moja mama akiwa wodini chini ya uangalizi, binti wa Amma alinipeleka Kanchipuram, kama kilomita 70 na kitu kutoka Chennai, mji unaojulikana kwa sari za hariri za harusi. Nyumba tuliyoingia, chumba cha mbele ambacho huku tungeweka makochi kimejaa mtambo wa kufumia mzima, na sakafuni kuna shimo. Mfumaji anakaa ukingoni miguu ikiwa ndani ya shimo anakanyaga vibao viwili vitatu kwa zamu, juu ya kichwa chake kadi ngumu zenye matundu zinazunguka mnyororo mzima, kila kadi ndo inaamua uzi upi unyanyuke ili ua litokee. Upande wa pili alikaa mkewe. Nikadhani anamsindikiza tu, kumbe sari zao za pindo la rangi tofauti na mji haziwezi kufumwa na mtu mmoja, uzi wa pindo unasokotana na uzi wa mji kwenye kila mstari, kwa hiyo lazima pawe na mikono ya pili ya kurusha uzi kutoka upande ule. Wanaita korvai. Unarusha, unapokea, unagonga, unarusha. Nilikaa karibu saa nzima na kitambaa kilisogea kama upana wa kiganja changu.

Sari moja ya namna ile inawachukua wiki mbili au zaidi, wawili. Nikauliza malipo, mume akajibu kwa upole kwamba hariri analeta tajiri, dizaini ya tajiri, wao wanalipwa kwa sari, ya yule msaidizi humo humo. Mke ndo aliyekuwa msaidizi, yaani malipo yake yamemezwa ndani ya malipo ya mumewe. Ile sensa inasema karibu theluthi mbili ya kaya za wafumaji India zilikuwa zinapata chini ya rupia 5,000 kwa mwezi, na pale chumbani namba hiyo ilikuwa na uso. Mtoto wao wa kiume hafumi. Anapanda basi la kampuni kwenda Sriperumbudur, kwenye viwanda vya magari na simu vilivyo njiani kuelekea Chennai, ana mshahara wa tarehe inayojulikana. Nani atamlaumu? Mi siwezi.

Hapa ndo nasema huyo mtu anarukwa. Anayesifia sari anamtaja mfumaji kama sehemu ya uzuri wa nguo, anayepinga anazungumzia mvaaji peke yake, na ujira wa yule aliyekaa shimoni, na wa yule wa pembeni yake asiyeandikwa popote, haumo kwenye hesabu ya yeyote. Kusema sari inachukua wiki mbili kana kwamba ni sifa, bila kusema wiki mbili hizo zililipwa nini, kwangu ni kosa kubwa, maana polepole ya mfumaji asiyelipwa vizuri ni umaskini wa muda mrefu tu. Sheria wanayo, ya 1985, inayotenga baadhi ya vitambaa, sari za aina fulani zikiwemo, zifumwe kwa mkono tu, na tangu 2006 kuna nembo ya serikali ya kuthibitisha kazi ya mkono. Lakini mashine za umeme zinaiga dizaini ile ile, mteja anabebeshwa ya mashine kwa jina la mkono, bei ya soko inashuka na mfumaji anashuka nayo. Binti wa Amma alinionyesha cha kutazama, vitundu vidogo kama vya sindano ukingoni mwa kitambaa, pale kinapobanwa kisijikunje wakati wa kufuma. Sio kipimo cha mahakama, ila kinasaidia.

Jambo la pili linalonisumbua ni watu kukusanya sari nyingi. Mwaka 2015 wanawake wawili wa Bengaluru, Ally Matthan na Anju Maudgal Kadam, walianzisha ahadi ya kuvaa sari mara 100 ndani ya mwaka, na lengo lilikuwa zuri sana, zitolewe kabatini zivaliwe siku za kawaida na kila moja isimuliwe hadithi yake. Iliwarudishia wengi mazoea waliyokuwa wameyaacha. Ila ukitembea mitandaoni leo unakuta ukurasa baada ya ukurasa sari mpya kila siku, ya Odisha Jumatatu, ya Bengal Jumanne, na ukifuatilia vizuri unagundua hairudiwi. Nguo imefumwa taratibu, ikanunuliwa haraka, ikavaliwa nusu saa ya picha. Kweli mfumaji kauza na hilo silidharau hata kidogo, sari hiyo ni unga kwake. Lakini ukiniuliza kati ya mwenye sari 100 za mkono na Amma mwenye nane za poliesta nani anavaa taratibu, sina hata haja ya kufikiri.

Na poliesta yenyewe? Mtu ataniambia haiozi, inatokana na mafuta, inamwaga vinyuzi kwenye maji kila ikifuliwa. Yote kweli. Amma naye alikuwa na sababu zake, mvua za Chennai zinaponyesha pamba haikauki siku mbili, na pamba ya mkono inataka kutiwa wanga wa maji ya wali, inataka pasi, inataka mtu mwenye muda. Yeye anaamka saa kumi na moja anachota maji. Kumwambia mwanamke wa namna hii nguo yako inaharibu dunia, huku wewe una mtu wa kukufulia, hapana. Ningependa avae pamba, joto la kule na poliesta ni mateso na yeye mwenyewe alikuwa akilalamika mgongo unamuwasha, ila hilo litawezekana bei na kazi ya kuitunza vikishuka, halitawezekana kwa kumhubiria.

Sasa waliochoka. Nawaelewa pia. Kerala mwaka 2021 serikali ilibidi itamke rasmi kwamba walimu wa kike wasilazimishwe sari, maana kuna shule na vyuo vilikuwa vinawabana. India pikipiki zinatakiwa ziwe na kikinga pembeni ya gurudumu la nyuma, kinaitwa kikinga sari kabisa, kwa sababu ncha ya kitambaa ikinaswa kwenye spoki inaua. Na mwaka 2024 madaktari waliandika kwenye jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wanawake wawili wazee waliopata saratani ya ngozi kiunoni, mmoja mahali pa kamba ya gagulo, mwingine mahali pa sari aliyoifunga bila gagulo, vyote vimebanwa miaka nenda rudi. Kisa cha watu wawili sio takwimu, na ukilegeza kamba au ukatumia mkanda mpana shida inapungua, lakini kinaonyesha kwamba mavazi ya kila siku ni mwili wa mtu, na mwenye mwili ndo mwenye kauli. Tena huu uvaaji tunaouona kama wa milele, marinda mbele, blauzi na gagulo, umesambaa kuanzia karne ya 19, mmoja wa walioupeleka Bengal ni Jnanadanandini Devi wa familia ya mshairi Tagore. Kabla yake na hata sasa kila mkoa una ufungaji wake, wengine wanaipitisha katikati ya miguu kama suruali wanalima nayo. Kwa hiyo binti anayevaa sari na raba, au anayeishonesha marinda kabisa aiingie kama sketi, haharibu kitu.

Msimamo wangu: ivae anayetaka, nunua chache, rudia mpaka pindo lichakae, na pesa kubwa kuliko zote iende kwenye mikono iliyofuma. Kabla ya kuondoka niliingia duka la Co-optex pale Egmore, mtaa wa Chennai, Co-optex ni ushirika wa wafumaji wa jimbo lile la Tamil Nadu ulioanza 1935, hariri sikuiweza nikachukua ya pamba, Amma akanifundisha marinda mara nne mpaka nikaweza. Ushirika ule baadhi ya sari zake zinatoka na kikaratasi chenye jina na picha ya aliyefuma, na nilikishika muda mrefu nikakitazama. Ninachotaka kukiona pembeni ya ile picha ni siku alizofuma, pesa aliyolipwa, na jina la aliyekaa upande wa pili akimrushia uzi.