Miligramu kwa lita zinavyomwadhibu anayebana maji

Kila Mto Nairobi unapotoa povu au kubadilika rangi, lawama huelekezwa viwandani, na mara nyingi huwa zimefika mahali pake. Ndiyo maana wenye viwanda wakilalamikia kanuni za kumwaga majitaka kwenye bomba la jiji hawapati wa kuwasikiliza. Watu huona ni janja ya kutaka waachiwe wachafue. Hata hivyo, kati ya malalamiko yao ipo hoja moja ambayo mpenda mazingira ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuisemea: kanuni inapima ukali wa maji, yaani uchafu uliomo katika kila lita, haipimi wingi wa uchafu wote.

Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka ukomo wa BOD, yaani kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu huhitaji ili kula uchafu uliomo majini, wa miligramu 500 kwa kila lita inayoingia kwenye bomba la umma. Anayemwaga moja kwa moja kwenye mazingira aliwekewa 30. Tofauti hiyo ina mantiki, kwa sababu yanayoingia bombani bado yana safari ya kwenda kusafishwa, ilhali yanayoingia mtoni hayana. Na Sheria ya Mazingira ya 1999 yenyewe inamtaka mwenye kiwanda atumie mfumo wa majitaka uliopo. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza ukichukua kalamu. Tuseme kiwanda kinatoa lita milioni moja kwa siku, kila lita ina miligramu 500 kamili. Kiko ndani ya sheria, nacho kinapeleka bombani kilo 500 za BOD kila siku. Anakuja meneja anayejali. Anaziba mabomba yanayovuja, anatumia tena maji ya suuza ya mwisho kwa suuza ya kwanza, matumizi yanashuka hadi lita 400,000. Haishii hapo. Anaweka vichungio na matangi ya kunasa mabaki, uchafu unapungua kwa asilimia 40, zikabaki kilo 300. Sasa gawanya kilo 300 kwa lita 400,000: miligramu 750 kwa lita. Amevunja kanuni. Afisa akija na chupa yake ya sampuli, atamwandikia kosa mtu aliyepunguzia jiji kilo 200 za uchafu kwa siku, na jirani yake ambaye hajagusa kitu atapita salama.

Kilo 200 si kitu kidogo. Wanaosanifu mabwawa ya majitaka katika nchi zetu mara nyingi hukadiria gramu 40 za BOD kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa hesabu hiyo, meneja yule ameondoa uchafu wa watu 5,000, mtaa mzima, na malipo yake ni barua ya onyo. Akitaka kurudi upande wa sheria bila gharama ya mtambo mwingine, njia iliyo karibu zaidi ni kufungua koki. Lita 200,000 za maji safi zikimwagwa juu ya zile 400,000, kipimo kinarudi 500. Uchafu ni uleule, kilo 300. Kilichoongezeka ni maji yaliyopotea, katika jiji lililoingia kwenye mgao rasmi mwaka 2017 na ambalo hadi leo mitaa mingi hupata maji kwa zamu.

Maji hayo ya ziada hayapiti hivihivi. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi huishia Ruai, kwenye mabwawa yanayojulikana kwa jina la Dandora. Mabwawa hayafanyi kazi kwa mashine. Yanafanya kazi kwa jua, mwani, vijidudu na muda. Mayai ya minyoo yanahitaji siku za kutuama mpaka yazame, na vimelea vya maradhi vinahitaji siku za kufa juani. Ukiongeza maji bila kupunguza uchafu, vijidudu vinabaki na mzigo uleule wa kula huku muda wa kuula umekatwa. Maji yanatoka upesi kuingia Mto Nairobi, yanashuka na Athi hadi Sabaki, na njiani wako wakulima wanaomwagilia mboga. Kwa hiyo anayetii kanuni kwa kufungua koki anamuumiza mtu wa chini ya mto kuliko yule aliyeandikiwa kosa.

Ukitaka kuliona jambo hili waziwazi, nenda machinjioni. Damu ya ng'ombe ni miongoni mwa vitu vikali kabisa vinavyoweza kuingia bombani. BOD yake hufika miligramu 150,000 kwa lita na kupita. Lita kumi tu ni kilo moja na nusu, yaani sawa na uchafu wa zaidi ya watu 35 kwa siku. Kuna namna mbili za kuishughulikia. Ya kwanza, damu inakingwa kwenye karai au mfereji wake, inapelekwa kukaushwa iwe chakula cha mifugo au mbolea. Yaliyobaki sakafuni na samadi ya matumboni yanakwanguliwa kwa koleo yakiwa makavu, kisha ndipo maji machache yanapita. Ya pili, kijana anashika mpira wa maji na kusukuma kila kitu, damu, samadi na vipande vya mafuta, mpaka kwenye tundu la sakafu, na anaendelea kumwaga mpaka yanayopita yaonekane meupe. Anayekwangua hupeleka bombani uchafu mchache mno, lakini maji yake machache yanaweza kutoka mazito. Anayetumia mpira, akiwa na kisima chenye maji ya kutosha, anaweza kufikia namba inayotakiwa bila kuokoa hata kilo moja.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Kuna vitu ambavyo ukali wake ndio hatari yenyewe. Fundi anayeshuka kwenye chemba hadhuriwi na jumla ya kilo za mwezi. Anadhuriwa na kilichomo chembani dakika ile. Gesi ya salfidi ya hidrojeni ikizidi humzimisha mtu pua kabla haijamzimisha pumzi. Tindikali hula saruji ya bomba. Mwaka 1981, mjini Louisville, Marekani, kemikali ya heksani iliyotoka kwenye kiwanda cha kusindika soya iliingia kwenye majitaka, ikashika moto alfajiri na kupasua barabara kwa zaidi ya kilomita tatu. Kwa vitu kama hivyo, pamoja na kromiamu ya viwanda vya ngozi, risasi na zebaki, ukomo wa kila lita ubaki, na ukali wake usiguswe. Hata majitaka ya kawaida yakizidi uzito hutembea polepole, hutuama na kuoza, na gesi ileile huzaliwa humohumo bombani. Maji yana kazi yake ya kusukuma.

Hoja nyingine ni ya usimamizi, na kwangu hiyo ndiyo ngumu zaidi. Ukali unapimwa kwa chupa moja na maabara. Mzigo, yaani jumla ya kilo za uchafu, unahitaji chupa na mita: lazima ujue ni lita ngapi zimetoka. Kampuni ya maji inaweza kukadiria kwa mita yake yale iliyouza, lakini viwanda vingi vina visima, na maji ya kisima hayapiti kwenye mita ya kampuni. Mkaguzi mwenye namba moja rahisi ni vigumu kumzungusha. Mpe hesabu ya kuzidisha, na mita inayokaa ndani ya ua wa mkaguliwa, umefungua mlango wa ubishi na wa bahasha.

Hata hivyo wenzetu wameshaupitia ugumu huu. Kanuni za Marekani zinakataza kuongeza maji ili kukwepa kusafisha, na mwaka 2005 zilirekebishwa ili kiwanda kinachobana maji kiweze kuwekewa ukomo wa uzito wa uchafu wote badala ya wa ukali. Uingereza kwa muda mrefu hutoza majitaka ya viwandani kwa fomula ya Mogden, iliyopewa jina la mtambo wa majitaka wa magharibi mwa London. Huzidisha wingi wa maji kwa ukali wake, hivyo anayepunguza uchafu huona nafuu kwenye bili.

Hatuhitaji kubadilisha kwa kila hoteli na kila gereji. Mtego wa mafuta na ukaguzi wa kawaida unawatosha hao. Lakini machinjio, viwanda vya maziwa, vya bia na vya kusindika matunda ni vichache, vinajulikana vilipo, na uchafu wake ni wa aina ambayo mabwawa yanaweza kuula. Kwa hivyo viwekewe ukomo wa kilo kwa siku, na pembeni ukomo wa juu wa ukali unaolinda bomba na mafundi. Mita ifungwe pale majitaka yanapotokea, kwenye chemba iliyo nje ya ukuta wa kiwanda, isomwe na kampuni ya maji. Na kwa kuwa kisima chenyewe hakichimbwi bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, usomaji wa mita ya kisima upelekwe kwa kampuni hiyo kila mwezi, ili lita zilizoingia zilinganishwe na lita zilizotoka.